Asiye na Makazi kwa Makusudi

Vera Tattersall alikuwa amechoka kabla mtu wa kwanza hajaingia. Alifungua ukumbi wa kanisa, akawasha hita ya umeme iliyonuka vumbi linaloungua, akaketi mezani bila kuvua koti. Mbele yake aliweka bunda la vipeperushi alivyoviandika mwenyewe, na kuviandika upya tena na tena, tangu enzi zile wapangaji wa Thornshaw, mji wa viwanda vya pamba wa Lancashire, walipogoma kulipa kodi na mahakama ikawajibu kwa maneno ambayo hakuna mtu mtaani aliyeyajua. Wakati huo Vera alikuwa msichana wa kiwanda cha kufuma. Alisimama mahakamani nyuma ya jirani yake, mama wa watoto watatu, hakimu aliposoma amri kwa Kiingereza cha wafu, cha vitabu vya sheria. Jirani akatabasamu. Akasema, "Asante sana, bwana," akaenda nyumbani kukanda unga wa pai, moyo mweupe, akidhani ameshinda kesi. Madalali wa mahakama walikuja kumtoa nyumbani, unga ukiwa bado umemganda vidoleni.

Vera hakusahau. Wengi husahau, ndiyo maana mambo yale yale hurudi na koti jipya. Yeye alikwenda maktaba ya mji, siku hizo ilipokuwa maktaba, kabla haijageuzwa ukumbi wa mazoezi, akazisoma sheria za nyumba kwa kidole, neno baada ya neno, kisha akayaandika maneno hayo kwa Kiingereza cha jikoni. Mdai anaomba nafuu: mwenye nyumba anataka utoke, usihangaike kuuliza ni nani anayeumwa. Bila kuathiri haki: nakwambia hivi leo, lakini ukinipeleka mbele ya hakimu nitakana. Nyumba ikabidhiwe tupu: tupu maana yake wewe usiwemo.

Mawakili vijana walikuja, wakacheka, wakaomba nakala, wakaenda zao. Baadaye halmashauri nayo ikaanza kuandika barua zake kwa lugha nyepesi, ikaweka na picha za watu wanaotabasamu pembeni. Watu waliendelea kutolewa. Hilo ndilo lililomchosha Vera miaka hii ya karibuni. Zamani aliamini kwamba neno likieleweka, dhuluma itaona haya. Haikuona haya. Ilijifunza tu kusema polepole.

Asubuhi ile mtu wa kwanza alikuwa Maxine Ormerod, mpishi wa shule ya msingi, koti juu ya aproni, nywele bado ndani ya wavu. Alimwita Vera shangazi kwa mazoea tu, si kwa damu.

"Shangazi Vera, baba amekataa."

"Amekataa nini?"

"Kungoja. Anasema dalali hatamkuta."

"Hukumwambia walivyosema halmashauri?"

"Nimemwambia mpaka mate yamenikauka. Anafunga masanduku. Jana kafunga birika. Leo nimekunywa maji ya bomba kama ng'ombe."

"Anahamia wapi?"

"Namuuliza hivyo hivyo. Anasema atajua akishatoka."

Vera alifumba macho. Habari ya akina Ormerod aliijua, maana ni yeye aliyekaa nao mahakamani. Maxine na baba yake Cliff walikuwa wamepanga nyumba ya Mtaa wa Garden tangu Maxine anaota meno, na kodi haikuwahi kuchelewa. Mwenye nyumba, Duxbury wa duka la mazulia, alikuwa amepata mnunuzi anayetaka nyumba tupu. Sheria ya wakati huo ilimruhusu mwenye nyumba kumwondoa mpangaji bila kumtajia kosa lolote. Anampa notisi, notisi ikiisha, anakwenda kwa hakimu, hakimu naye hana la kuuliza zaidi ya kama notisi ilijazwa sawasawa. Ilikuwa imejazwa sawasawa. Madalali wa mahakama walikuwa wamepangiwa kuja Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Nyumba nyingine mjini hazikukamatika kwa mshahara wa jikoni. Ilibaki halmashauri, na halmashauri ilikuwa na sharti lake. Ingewapa baba na binti mahali pa kukaa pamoja, mradi tu watolewe. Wakitoka wenyewe, hata kama dalali yuko kona ya mtaa anapaki gari, wataandikwa wasio na makazi kwa makusudi, na hapo mlango unafungwa. Maxine angelala kwenye makochi ya rafiki zake. Cliff, na kifua chake kilichojaa vumbi la pamba, angepelekwa nyumba ya wazee popote Lancashire ambapo kitanda kingepatikana.

"Hawezi peke yake, Shangazi," Maxine alisema. "Usiku anakosa pumzi. Mimi ndiye namkalisha."

"Nitakuja jioni."

"Mwambie kwa yale maneno yako mepesi."

"Nitamwambia," Vera alisema, na akajihisi mzee.

*

Cliff Ormerod alifungua mlango akiwa na beseni la maji mkononi. Alikuwa anasugua kizingiti kwa jiwe jeupe, kazi ambayo wanawake wa Thornshaw waliacha kuifanya tangu viwanda vifungwe, na ambayo hakuna mwanaume aliyewahi kuonekana akiifanya.

"Karibu, wakili wa maskini," alisema. "Umekuja kunitafsiria?"

"Nimekuja kunywa chai."

"Chai iko sandukuni."

"Basi fungua sanduku, Cliff, nimetembea mlima mzima."

Alicheka, kikohozi kikamkata, akaegemea mlango mpaka kikapita. Kiwandani alikuwa fundi wa mitambo, na Vera alikuwa mmoja wa wafumaji waliompigia mluzi mashine ikikwama. Walikuwa wametukanana na kusaidiana tangu ujana. Ndani, kuta zilikuwa na alama nyeupe palipokuwa na picha. Zulia lilikuwa limeviringishwa. Nyumba ilinuka sabuni.

Watu wa umri wa Cliff walikuwa na namna yao ya kuhama. Unafagia, unasugua, unafuta hata juu ya milango ambako hakuna atakayepanguza kidole. Kizingiti unakiacha cheupe. Halafu alfajiri, kabla mapazia ya jirani hayajafunguliwa, unadumbukiza ufunguo katika tundu la barua la mwenye nyumba, unaondoka. Hukuaga, hukudaiwa, hukuonekana. Aliyeondoka hivyo aliitwa mtu safi, na jina hilo lilidumu kuliko nyumba. Hakuna sheria iliyokuwa imewaagiza. Walifundishana wenyewe, maana ndicho kitu pekee walichoachiwa wakifanye watakavyo.

Cliff alitoa birika, akachemsha chai, na Vera akaketi juu ya sanduku.

"Nisikilize. Notisi si amri. Amri si dalali. Mpaka dalali asimame hapo mlangoni, hii ni nyumba yako. Ukitoka kabla, halmashauri inasema umejitakia."

"Najua."

"Wanaita kwa makusudi. Kama vile umeamka asubuhi ukasema, leo nina hamu ya kulala nje."

"Najua, Vera. Nilikuelewa tangu siku ya kwanza. Masikio yangu yamekufa, kichwa bado." Alikaa kwenye ngazi, magoti yakalia. "Ngoja nami nikufafanulie, uone kama nimefaulu. Nikitoka kwa adabu, nimefanya kosa. Nikikaa mpaka nivutwe kama godoro lenye kunguni, hapo ndipo nastahili kusaidiwa. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Na anayesema nitoke ni hakimu."

"Ndiyo."

"Na anayesema nisitoke ni halmashauri. Na wote ni serikali."

"Ndiyo, Cliff."

"Umelieleza vizuri sana."

"Asante."

"Sasa lifanye liingie akilini."

Vera alipeleka mkono mfukoni, kwenye vipeperushi. Kipeperushi chake kuhusu jambo hilo kilikuwa kizuri kuliko vyote. Aya tatu tu, hata mtoto angekielewa. Hakikuwa na mahali palipoandikwa kwamba linaingia akilini.

"Wewe hukuwa umezaliwa walipomtoa mama yangu," Cliff alisema. "Mtaa wa Union. Walitoa kitanda kwanza, wakakisimamisha njiani kwa miguu yake minne, na shuka juu. Mama akaanza kukitandika. Pale pale barabarani, watu wamejaa madirishani, anakunja kona za shuka. Nilikuwa namvuta sketi, mama twende, mama twende. Akasema siwezi kuondoka kitanda hakijatandikwa." Alivuta pumzi. "Nimelipa kodi maisha yangu yote ili nisije nikasimama pale tena. Usinieleze sheria. Sheria nimeielewa."

"Na Maxine?"

"Maxine ni kijana."

"Maxine ana miaka hamsini na mbili na mgongo mbovu."

"Nitalifikiria."

Vera alikunywa chai yake. Alizaliwa mji ule. Alijua kwamba mwanaume wa Thornshaw akisema nitalifikiria, ameshamaliza kulifikiria.

*

Ilikuwa Jumatatu, mvua nyembamba, Vera ndio kwanza anatafuta ufunguo wa ukumbi mfukoni, Maxine akatokea akikimbia bila mwavuli.

"Ametoka! Nimeamka hayupo. Chumba kimefagiliwa. Mama Pilling, jirani, kamuona stendi ya basi na sanduku lake, kavaa suti ya mazishi."

"Ufunguo?"

"Haupo. Kaupeleka dukani kwa Duxbury, nina hakika. Kila siku alisema hivyo, nitamdumbukizia mwenyewe." Maxine alianza kulia kwa hasira. "Basi tumekwisha, si ndiyo? Tumekwisha."

"Duka limefunguliwa?"

"Sijui. Bado, nadhani. Shangazi, kuna tofauti gani?"

"Ipo. Kurudisha nyumba ni mambo ya watu wawili. Mmoja anatoa, mwingine anapokea. Ufunguo ukilala kwenye mkeka haujapokelewa na mtu. Akiuokota akauweka mfukoni, akawaandikia halmashauri kwamba mmemwachia nyumba, hapo ndipo mmekwisha. Nenda stendi, mlete baba yako."

"Hatakuja."

"Mlete hivyo hivyo."

Vera hakukimbia. Magoti yake yalishaacha mambo hayo. Aliteremka Mtaa wa Soko kwa mwendo wa mtu anayekwenda posta, akiwalaani kwa zamu Duxbury, halmashauri, bunge, na Cliff Ormerod pamoja na suti yake.

Duxbury alikuwa ndio anafungua. Mlango wa kioo ulikuwa nusu wazi, na yeye alikuwa kizingitini akikunja mwavuli. Ufunguo ulikuwa ndani, juu ya mkeka wa mlangoni, umefungwa kwa uzi kwenye kipande cha kadibodi chenye namba ya nyumba kwa mwandiko safi. Wote wawili waliuona kwa wakati mmoja.

"Bwana Duxbury," Vera alisema, "usiiname."

Duxbury aligeuka. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mjukuu wa mfumaji, na kila Krismasi alitoa zulia kwa bahati nasibu ya kanisa. "Bi Tattersall. Habari za asubuhi. Samahani?"

"Usiuokote huo."

"Mlango ni wangu, mkeka ni wangu, nyumba ni yangu. Nimetumiwa ufunguo wangu."

"Ufunguo ni wa mpangaji mpaka dalali aje."

"Mpangaji mwenyewe kaurudisha! Mimi sikumtuma mtu. Mzee kafanya uungwana, sasa unataka mimi nifanye nini, nimrushie?" Alishusha sauti. "Mimi si mtu mbaya, Bi Tattersall."

"Sijasema u mbaya. Nimesema usiiname."

Aliinama. Vera akapita chini ya mkono wake, akaweka kiatu chake kilicholowa juu ya ufunguo.

Wakatazamana. Mwanamke aliyekuwa akipita na kigari cha mtoto alisimama, akajifanya anaangalia bei dirishani.

"Ondoa mguu."

"Mimi ni mteja. Nataka zulia."

"Zulia gani?"

"Bado naangalia."

"Kwa hapo uliposimama?"

"Hapa naona vizuri."

Duxbury alijifuta uso. Alionekana naye amechoka, na Vera alimchukia kwa hilo, kwa sababu uchovu wake yeye ungekwisha siku nyumba ikiuzwa. "Sikiliza, mama. Mnunuzi ananisumbua kila siku. Yule mzee ametaka kutoka. Katoka kwa miguu yake. Wewe ni nani wa kumrudisha? Umemuuliza?"

Mtu yule, pamoja na tumbo lake na mazulia yake, alikuwa amegusa ukweli. Mguu wa Vera ungeweza kukaa pale mpaka mchana. Usingesaidia kitu. Aliyekuwa na haki ya kuutaka ufunguo ule alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa ameutoa.

Akamwona dirishani.

Cliff alikuwa amesimama nje, kwenye mvua, kofia kichwani, suti nyeusi, tai. Maxine alikuwa amemshika mkono wa suti kama anayemshika mtu asianguke majini, na mkono mwingine umebeba sanduku. Hakutaka kuingia. Kioo kilikuwa kinene, na kwa masikio yale hata bila kioo asingesikia.

Lakini waliofanya kazi kiwandani walikuwa na namna yao. Mbele ya mitambo mia ikigonga kwa pamoja, sauti haina kazi. Mfumaji alisema kwa mdomo tu, akiuvuta na kuukunja kwa kila neno, na mwenzake ng'ambo ya ukumbi akaelewa hata umbea. Vera hakuwa amesema hivyo tangu siku walipozima mashine ya mwisho. Alimtazama Cliff, akafungua mdomo bila sauti.

*Rudi ndani.*

Cliff alitikisa kichwa.

Angeweza kumwambia sheria. Maneno yote yalikuwa pale, mepesi, yamesafishwa, yamekaa kwenye mstari. Aliyaacha.

*Maxine atalala wapi?*

Mzee alitazama chini. Kisha midomo yake nayo ikaanza kwenda, kwa shida, kama mtu anayekumbuka wimbo. *Nitaaibika, Vera. Mbele ya watu.*

Maisha yake yote Vera alikuwa amewaambia watu wasione aibu. Alikuwa amelisema mikutanoni, kwenye jukwaa la gari, kwa kipaza sauti. Aibu ni yao, alikuwa akisema, si yetu. Lilikuwa kweli, na halikuwahi kumsaidia mtu yeyote aliyesimama barabarani karibu na kitanda chake.

*Ndiyo,* alisema kwa mdomo. *Utaaibika. Nitakuwepo.*

"Mnafanya nini?" Duxbury aliuliza. "Mnaongea nini nyie?"

Mlango ulisukumwa. Cliff aliingia, akapangusa viatu kwenye pembe ya mkeka, kushoto, kulia, akavua kofia.

"Habari za asubuhi, Bwana Duxbury."

"Mzee Ormerod. Nisaidie kumwambia huyu mama..."

"Nataka ufunguo wangu."

"Umeurudisha mwenyewe, mzee."

"Niliuweka chini. Sijakupa wewe." Alivuta pumzi, ilisikika duka zima, kama karatasi inayochanwa. "Mimi sijatoka. Umenisikia? Nilikwenda kutembea. Ukitaka nitoke, leta watu wako wanitoe."

Vera aliondoa mguu.

Cliff akaanza kuinama. Ilichukua muda. Mkono mmoja kwenye ukuta, goti moja, halafu kusimama hapo katikati, nusu chini nusu juu, akitafuta hewa. Maxine alitaka kumsaidia, akamsukuma. Duxbury alikuwa karibu zaidi. Angeuokota mara kumi. Hakuuokota. Huenda aliona haya, huenda alimwogopa yule mwanamke mwenye kigari cha mtoto ambaye sasa alikuwa amesimama mlangoni kabisa. Asishukuriwe mtu kwa kutoiba. Cliff aliufikia uzi, akauvuta, akanyanyuka, uso umekuwa rangi ya majivu, akauweka ufunguo katika mfuko wa ndani wa koti na kuufunga kifungo.

"Basi Alhamisi," Duxbury alisema, bila kumtazama mtu.

"Alhamisi," Cliff alisema. "Na ulete mwavuli, mvua inakuja."

*

Madalali walikuja wawili, mwanaume kijana na mwanamke mwenye ubao wa kubania makaratasi. Fundi wa kubadilisha kitasa alibaki kwenye gari akila sandwichi. Duxbury hakuja. Watu wa namna yake hawaji.

Vera alikuwa amekaa kwenye ngazi tangu asubuhi. Maxine alikuwa ameomba ruhusa kazini, amesimama jikoni na koti lake. Mtaani, mapazia yalikuwa yametulia kwa namna ambayo mapazia hutulia watu wakiwa nyuma yake. Cliff, katika suti ile ile, alifungua mlango kabla haujagongwa. Aliuacha wazi kabisa.

Kijana alisafisha koo, akasoma. "Mimi ni afisa wa mahakama ya kaunti, nimefika kutekeleza hati ya kumrejeshea mdai umiliki wa makazi yanayojulikana kama..."

"Sikusikii, mwanangu."

"Hati ya kumrejeshea mdai umiliki..."

"Bado. Mimi nimefanya kazi na mashine, masikio hayapo. Sema kama unavyosema na babu yako."

Kijana alimtazama mwenzake. Mwenzake alitazama makaratasi.

"Nimekuja kuwatoa, mzee," alisema.

"Nani na nani?"

"Wewe na binti yako."

"Tunatoka kwa kupenda?"

Kijana alisita. Alikuwa na chunusi shingoni na tai iliyofungwa na mtu mwingine. "Hapana, mzee. Mnatolewa."

"Paza sauti. Watu hawajasikia."

"Baba," Maxine alisema.

"Mnatolewa!" kijana alisema kwa nguvu, na sauti ikagonga nyumba za ng'ambo na kurudi. Pazia moja lilifunguka, halafu lingine. Mama Pilling alitoka akasimama kizingitini kwake, mikono ndani ya aproni. Mwanaume wa nyumba ya kona akatoka na slipa. Walisimama tu, wakitazamwa na kutazama, na Vera aliona Cliff anavyoishika kofia kwa mikono miwili, akajua kwamba hakuna kilichopungua, aibu ni ile ile, imekaa kifuani mwa mzee kama lile vumbi. Alimshika kiwiko. Wakatoka.

Jioni walikuwa bado kwenye viti vya plastiki vya halmashauri. Afisa makazi, binti mwenye adabu na macho mekundu, aliuliza kwa nini waliondoka katika makazi yao ya mwisho. Cliff alimwambia walitolewa. Aliandika. Akaenda, akarudi, akasema ndiyo, wamekubaliwa, wote wawili pamoja; kuna chumba katika hosteli ya mji wa jirani, vitanda viwili, jiko la kushirikiana, na basi la mwisho bado lipo.

Maxine alifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na haikujulikana ni kicheko au kilio.

Cliff alikuwa ameshika karatasi aliyopewa, ameisogeza mbali na macho. "Vera. Malazi ya muda. Maana yake nini?"

"Maana yake si pa kukaa moja kwa moja."

"Hilo nimeliona. Muda gani?"

Vera aliichukua karatasi, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha nyepesi sana. Kila neno lilieleweka.

"Hawajasema," alisema.

"Uliza."

Alitazama dirisha la afisa. Yule binti alikuwa ameshateremsha pazia lake na kuanza kuvaa koti.

"Kesho," Vera alisema. "Nipe mkono, Cliff. Basi halitungoji."